Naamani na Mashine ya Majani

Andiko la wiki: 2 Wafalme 5:1-14, Danieli 1:3-16

Hili ni somo nililofundisha katika ibada ya katikati ya wiki, na wengi wameomba liandikwe. Naanza na ushuhuda wangu mwenyewe.

Nilichuma majani kwa mkono miaka 16 katika shamba la kampuni moja hapa Kericho. Wanaonijua wanajua sikuwa mtu wa kuaibika kwenye mizani. Majani mawili na chipukizi: vidole vinajua vyenyewe, mdomo unaimba pambio, kapu linajaa. Halafu asubuhi moja supavaisa akatuita, akasema sehemu yetu itavunwa kwa mashine. Akasoma majina ya wachache watakaoishika. Langu lilisomwa. La mke wangu, ambaye tulikuwa tunachuma naye mstari kwa mstari, halikusomwa.

Sitawaficha, nilienda kwa ile mashine na hasira. Tena aliyeletwa kutufundisha alikuwa binti mdogo, wa kuniita baba. Nikasema moyoni, mimi nilikuwa nachuma majani huyu akibebwa mgongoni. Ataniambia nini?

Mashine ile inashikwa na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, mstari wa chai ukiwa katikati, na mfuko mrefu nyuma. Mimi kila nikiona jani zuri limebaki chini kidogo, nashusha upande wangu. Mashine ikala vijiti na majani yaliyokomaa. Siku mbili mfululizo majani yetu yakakataliwa. Binti akanisogelea polepole, akasema, "Baba, wewe bado unachuma kwa vidole. Usiangalie jani. Angalia meza."

Kwa wale ambao hawajafanya kazi hii, meza ni ule usawa wa juu wa michai. Mashine haichagui jani moja moja kama vidole. Kazi ya mshikaji ni kuipitisha kwa usawa, na chipukizi lililobaki chini lingoje zamu ijayo. Mikono yangu ilikuwa na nguvu ya kutosha. Shida ilikuwa macho yangu yalikuwa bado yanatafuta kitu cha zamani.

Ndipo nikamkumbuka Naamani.

JAMBO LA KWANZA: Naamani alikuwa na picha tayari kichwani. Soma mstari wa 11. Alikuwa ameshapanga namna atakavyoponywa: nabii atatoka nje, atasimama, ataliita jina la Mungu, atapunga mkono juu ya ugonjwa. Alipoambiwa tu akaoge Yordani mara saba, akaondoka amekasirika, akataja mito ya kwao Dameski kuwa bora kuliko hayo maji. Ndugu yangu, Yordani haikuwa shida. Shida ilikuwa ile picha. Hata sisi tunamwomba Mungu mlango, na tayari tumeshamwambia uwe wa rangi gani.

JAMBO LA PILI: Angalia ni nani walimsaidia. Wa kwanza ni msichana mdogo mtumwa, aliyetekwa vitani. Wengine ni watumishi wake, waliomsemesha kwa upole na kumwita baba. Jemadari mzima aliponywa kwa sababu alikubali mwishowe kusikia watu wa chini yake. Mzee, kama mwanao anakuonyesha namna ya kutumia simu kulipa karo, usimfokee. Mama, kama mkwe wako anapika tofauti na ulivyozoea, onja kwanza.

JAMBO LA TATU: Si kila kipya kinapokelewa kizima. Hapa tumtazame Danieli. Alikubali kujifunza lugha na maandishi ya Wakaldayo, lakini chakula cha mfalme alikataa. Na hakukataa kwa ghasia. Alimwendea msimamizi kwa heshima, akaomba wajaribiwe siku 10. Kwa hiyo jiulize: hiki kitu kinanitaka nibadilishe mkono wangu, au kinanitaka nimkane Mungu na kumsahau jirani? Mkono, badilisha. Jirani, usimwache.

Nasema hivi kwa sababu jambo la mashine ni kidonda hapa kwetu. Mwaka 2023 tuliona mashine zikichomwa moto hapa Kericho. Siungi mkono moto, lakini sitamhubiria mama aliyepoteza kibarua kwamba anyamaze na kutabasamu. Danieli hakunyamaza. Kuna chama cha wafanyakazi, kuna viongozi, kuna njia ya kusema. Tena tukumbuke hata chai yenyewe ilikuja kama mgeni. Nchini Kenya ilipandwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, na mashamba makubwa ya huku kwetu yakaanza miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo wazee wetu walichungia ng'ombe, na wengi waliondolewa bila kuulizwa. Leo sisi wajukuu tunalilia kapu kama kwamba lilikuwepo tangu Adamu. Kipya kinaweza kuja na machozi, na bado Mungu akatulisha humo.

Sasa nimalizie kwangu nyumbani, maana huko ndiko Yordani yangu ilikuwa.

Mke wangu alikaa miezi minne bila kazi. Baadaye akaanza kuuza mboga, managu na sagaa, soko la Litein. Anatoka alfajiri, anarudi jioni amechoka. Na mimi nikirudi kutoka shambani, nakaa kwenye kiti nangoja chai. Siku moja nikangoja mpaka giza. Alipofika nikamuuliza kwa ukali, "Leo hakuna chakula?" Hakujibu. Aliweka kikapu chini, akaenda kuwasha moto bado amevaa viatu vya matope.

Usiku huo sikulala. Mashambani nilikuwa nimekubali kufundishwa na mtoto, lakini nyumbani bado nilikuwa naangalia jani. Nilidhani mwanamume wa Kipsigis haingii jikoni. Nani aliniambia? Si Biblia. Kesho yake nikawasha moto mwenyewe. Ugali ulikuwa na mabonge, watoto wakacheka. Mke wangu aliingia, akasimama mlangoni, akasema tu, "Asante, baba watoto." Naamani alizama mara saba. Mimi sijui ni mara ngapi nimepika, lakini moyo wangu umekuwa laini kidogo kidogo. Pesa za soko bado hazijafikia zile za majani. Lakini amani imerudi.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Ni picha gani uliyo nayo kichwani kuhusu namna Mungu lazima akusaidie?
2. Ni mtu gani mdogo kwako ambaye umekataa kumsikia?
3. Katika kikundi chenu, nani amepoteza kazi? Mtamsaidia vipi wiki hii, kwa jambo gani hasa?

Ombi: Bwana, niondolee kiburi cha Naamani. Nipe hekima ya Danieli nijue cha kupokea na cha kukataa. Nionyeshe Yordani yangu iko wapi, na unipe miguu ya kushuka. Katika jina la Yesu, amina.