Jina na Namba za Garratt ya Modeli

*Nina modeli ya injini ya Garratt namba 6006, “Sir Harold MacMichael”. Nataka kuibandika jina Mount Kenya. Nitafutaje maandishi ya zamani bila kuharibu rangi?*
*Msomaji, Plateau, Eldoret*

Kufuta ni kazi nyepesi. Ugumu uko kwenye jina. Majina ya milima yalikuwa ya daraja la 59, injini 34 zilizoundwa na Beyer Peacock, na Mount Kenya ilikuwa 5901. Daraja la 60, ambamo 6006 imo, lilipewa majina ya magavana, ambayo baadaye yaliondolewa yote. Kwa hiyo 6006 ya miaka ya baadaye ni sahihi zaidi ikiwa na namba tu, bila jina. Herufi za umiliki nazo zilibadilika kutoka EAR&H hadi EAR, kwani reli na bandari zilitenganishwa mwaka 1969.

Kuhusu kufuta, kwanza spiriti ya kufutia ijaribiwe chini ya modeli, mahali pasipoonekana. Rangi ikitulia, maandishi yasuguliwe polepole kwa pamba yenye unyevu kidogo, na mabaki yakwanguliwe kwa kijiti cha meno, kamwe si kwa wembe. Rangi ikianza kulainika, kazi isimame hapo hapo na modeli ipelekwe kwa fundi wa kupuliza rangi.

Stika za maji hushika vizuri juu ya vanishi inayong’aa. Zikikauka hufunikwa kwa vanishi isiyong’aa. Mahali pa kila namba pathibitishwe kwa picha za injini yenyewe. 6006 halisi imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi.