SPRINGI YA HEWA KATIKA PIKIPIKI

Wako wanaosema ati Kiswahili ni lugha ya mashairi na hotuba tu, haiwezi kuingia gereji. Mimi sikubali. Hebu tuingie pamoja.

Pikipiki nyingi za bodaboda hapa Kenya hubebwa nyuma na springi za chuma. Lakini ziko pikipiki kubwa za safari ndefu ambazo mwenyewe hubadilisha ugumu wa shoki kwa kuongeza au kupunguza hewa. Honda Gold Wing GL1100, iliyotokea mwaka wa 1980, ilitumia hewa mbele na nyuma.

Je, hewa inawezaje kuwa springi? Mwaka wa 1662 Robert Boyle alieleza kwamba hewa iliyofungiwa ikibanwa hadi ujazo wake uwe nusu, bila joto kubadilika, shinikizo lake huwa maradufu. Ziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole, kisha usukume. Mwanzoni ni rahisi. Mwishoni mkono hugoma. Shoki ya hewa ni vivyo hivyo: kadiri inavyobanwa ndivyo inavyozidi kuwa ngumu.

Mjomba wangu ni fundi. Likizo ya Agosti nilimsaidia kufunga shoki hizi kwenye pikipiki ya mteja. Hatua ni hizi:

(a) Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati. Toa shoki moja, funga mpya, ndipo uende kwa ya pili. Ile iliyobaki hushikilia gurudumu.

(b) Pitisha mirija ya hewa mbali na ekzosi, cheni na tairi. Mirija yote miwili iishie kwenye valvu moja, ili shinikizo liwe sawa kulia na kushoto.

(c) Kaza nati, tia hewa kidogo, kisha upake maji ya sabuni kwenye viungo. Ukiona mapovu, hapo panavuja.

(d) Tumia pampu ya mkono. Nafasi ndani ya shoki ni ndogo mno. Mashine ya upepo ya kituo cha petroli yaweza kuiharibu kabla hujahesabu tatu.

Sasa tupime. Gurudumu likiwa linaning'inia, pima kutoka ekseli hadi alama kwenye fremu. Tuseme ni milimita 500. Shusha pikipiki, dereva aketi na mzigo wake, upime tena. Ukipata 470, imezama milimita 30. Mafundi wengi hutaka izame karibu thuluthi ya mwendo wote wa gurudumu. Yaani mwendo ukiwa 90, izame 30. Ikizama zaidi, ongeza hewa. Ikizama kidogo mno, punguza. Usipite kamwe kipimo cha mwisho cha mtengenezaji.

Mbona nasisitiza? Kwa sababu wengi hudhani shoki ngumu ndiyo bora. La hasha! Ikiwa ngumu kupita kiasi, gurudumu huruka kila likigonga jiwe, na gurudumu lililo juu haliwezi kusimamisha pikipiki hata ukikaza breki. Wengine nao hudhani wakiongeza hewa wanaweza kupakia watu watatu. Jamani, hewa huinua kiti tu! Haiongezi nguvu ya breki, tairi wala fremu. Sheria yetu inaruhusu abiria mmoja, na huyo mmoja huenda ni mama yako akitoka sokoni.

Hata springi za chuma za bodaboda hupimwa hivyo hivyo, ila fundi huzungusha pete ya chini ya springi badala ya kutia hewa.

ZOEZI: Gurudumu lina mwendo wa milimita 120. Dereva na mizigo yake wakipanda, pikipiki inazama 60. (i) Aongeze hewa au apunguze? (ii) Akifika kipimo cha mwisho cha hewa na bado inazama 60, afanye nini? Leteni majibu katika mkutano wa chama. Anayedhani la pili ni gumu, na amtazame aliyepakiwa.