TUKIWA PEKE YETU
(Somo la Ihsani)

Alhamdulillahi, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, s.a.w. Amma baad.

Ndugu zetu wasomaji, darasa yetu ya leo yahusu jambo ambalo kila Muislamu hulikiri kwa ulimi, wala si wengi waishio nalo: kwamba Mwenyezi Mungu atuona. Muulize mtoto wa chuoni, atakujibu papo hapo. Lakini mtazame mtu mzima aliye nyuma ya mizani yake, mlango umeshindikwa, ndipo utakapojua kama jawabu ile imeingia moyoni au imebaki mdomoni.

MAANA YA IHSANI

Katika hadithi aliyoipokea Sayyidna Umar, iliyomo katika Sahihi Muslim, Jibril alimjia Mtume s.a.w. kwa sura ya mtu, akamuuliza juu ya Uislamu, kisha Imani, kisha Ihsani. Jawabu ya hilo la tatu ilikuwa kwamba mja aabudu kana kwamba amwona Mola wake. Na asipofikia daraja hiyo, basi ajue kwa yakini kuwa yeye aonwa. Kuuzoeza moyo yakini hiyo ndiko wanazuoni walikokuita murakaba.

Na hapa yatupasa tufahamu vyema. Sura Qaf yatufunza kuwa Mungu yu karibu na mtu kuliko mshipa wa shingo yake. Maana yake si kwamba dhati yake imeingia katika miti, mawe au makaburi, hasha! Yu pamoja nasi kwa kujua kwake, kuona kwake na kusikia kwake. Basi mwenye kufunga safari hata kaburi la walii ili ajikurubishe kwa Mungu, kisha akarudi dukani akapunja, huyo amemtafuta Mola wake mbali, naye amemsahau hapa karibu.

NILIYOYAONA MARANI

Marani ni mji mdogo ulio kaskazini ya mji wa Kisii, nchi ya vilima na mvua, ya migomba na chai. Waislamu huko ni wachache. Nilikwenda kuwazuru, na siku moja baada ya alasiri nikapita shambani mwa mama mmoja mzee aliyesilimu ukubwani. Sura azijuazo hazizidi vidole vya mkono mmoja.

Alikuwa akichuma chai peke yake katika manyunyu. Chai njema ni majani mawili na chipukizi lake. Majani makuu yaliyokomaa huongeza uzito kapuni, wala hayaongezi utamu kikombeni. Nikamwona amelitua kapu lake, achambua na kutupa makuu moja moja.

Nikamwambia, "Mama, mvua yaja, na gari la kubeba majani halitakungoja. Hayo machache nani atayaona humo ndani?"

Akanitazama kwa mshangao, akasema, "Sheikh, si wewe uliyetufundisha jana kwamba aliyeyaotesha anaona?"

Wallahi sikuwa na neno. Jana yake niliwasalisha Magharibi nikarefusha kisomo na rukuu, kwa kuwa watu walikuwa nyuma yangu. Na adhuhuri ya siku ile ile nilisali peke yangu chumbani, upesi upesi, kama mtu atuaye mzigo. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza rakaa. Hana ruhusa ya kupunguza utulivu. Mama yule aliona haya mbele ya kapu la majani, nami sikuona haya mbele ya kibla. Vitabu vyangu vyote havikunifaa saa ile.

Na majani ya huko hayakai huko. Tangu mwaka 1969 mnada wa chai wa Afrika Mashariki hufanywa hapa Mombasa, na chai ya vilima vile hushuka kuja kwetu pwani. Huenda kikombe tunachokinywa barazani kimo jani alilolichuma mkono kama ule. Je, na vitokavyo mikononi mwetu? Kilo ya sukari, yadi ya kitambaa, ujira wa mtumishi tuucheleweshao ilhali fedha tunazo? Sura ya 83 katika Kurani imeanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo. Na mpunjaji hafanyi lake ila baada ya kutazama huku na huku kama pana mtu; kutazama kuko ndiko kusahau kwenyewe.

NJIA YA KUJIZOEZA

Kwanza, kabla ya tendo, jiulize: lau watu wote wangalikuwapo, ningalilifanya hivi? Ikiwa jawabu ni la, basi uliache, kwani aliye mkuu kuliko watu wote yupo.

Pili, katika tendo, litengeneze vilevile, awepo wa kukusifu au asiwepo. Anza kwa sala ya peke yako.

Tatu, kabla ya kulala, fanya hisabu ya siku yako kama mfanyibiashara afanyavyo ya duka. Ulichomdhulumu mtu, kirudishe asubuhi. Istighfari ya ulimi hailipi haki ya mwenzio.

Mimi niliyeandika haya ndiye wa kwanza wa kuyahitajia. Twamuomba Mwenyezi Mungu aijaalie siri yetu iwe bora kuliko dhahiri yetu, na dhahiri yetu iwe njema. Amin.

Wabillahi taufiki.