Mada: Kukagua Konrodi Iliyotumika Kabla ya Kuirudisha Kwenye Injini

Malengo. Ukimaliza mada hii uweze kueleza kazi ya konrodi, kutaja dalili za konrodi isiyofaa, na kutoa uamuzi wenye sababu.

Mfano wa hali halisi

Mashine ya kusaga mahindi pale Kasesya inaendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja. Oili ilipungua, beringi ya konrodi ikaungua, injini ikajam. Ni msimu wa mavuno na magunia yamepanga foleni. Mwenye mashine ameletewa konrodi ya injini iliyofumuliwa Sumbawanga. Fundi anaigeuza mkononi na kusema, "Haina ufa, tufunge." Je, maneno hayo yanatosha?

Kazi ya konrodi

Konrodi huunganisha pistoni na krankshafti. Mafuta yanapoungua, hugandamizwa. Pistoni inapofika juu kabisa mwishoni mwa mpigo wa kutoa moshi, hutaka kuendelea na mwendo wake, na konrodi huivuta irudi chini. Wakati huo bolti za kifuniko hubeba mzigo mkubwa.

Injini ya mipigo minne inayozunguka mara 1,500 kwa dakika huwasha mafuta mara 750 kwa dakika katika kila silinda. Kwa saa moja ni 750 × 60 = mara 45,000. Kwa siku ya saa 8 ni mara 360,000. Kwa siku 28 zinapita mara milioni 10. Chuma kinachokazwa na kulegezwa hivyo huweza kupata uchovu: ufa mdogo huanzia kwenye kasoro, hukua taratibu, kisha konrodi hukatika ghafla. Kwa hiyo jicho peke yake halitoshi.

Hatua za ukaguzi

1. Historia. Uliza injini ilikufa kwa nini. Kukosa oili huleta joto kali. Maji yakiingia kwenye silinda huweza kupinda konrodi.
2. Safisha, kisha tazama. Rangi ya bluu ni dalili ya joto kupita kiasi. Vishimo vya kutu, alama za nyundo na mikwaruzo mirefu ni mahali ufa unapoanzia. Konrodi iliyochomelewa ikataliwe.
3. Tafuta ufa. Karakana hutumia sumaku na unga wa chuma, au rangi ya kupenya. Gereji ndogo hutumia mafuta ya taa: loweka, futa, paka chaki, subiri mstari wa mafuta utokeze. Njia hii huonyesha nyufa kubwa tu.
4. Pima kichwa kikubwa. Kaza kifuniko kwa toki iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini, bila beringi. Pima kipenyo cha ndani pande tatu. Ukipata 65.00, 65.01 na 65.06 mm, tofauti ni 0.06 mm. Kama kitabu kinaruhusu 0.03 mm, duara limeharibika.
5. Pima unyoofu. Matundu ya vichwa viwili lazima yawe sambamba. Konrodi iliyopinda au kujisokota hulaza pistoni upande mmoja na kuila silinda.
6. Kifuniko na bolti. Alama za kifuniko na za konrodi zilingane, kwa sababu vilitengenezwa pamoja. Bolti zilizorefuka, au zile ambazo mtengenezaji ameagiza zitumike mara moja, zibadilishwe.

Uamuzi

Ufa, kuungua kwa bluu, kuchomelewa au kifuniko cha konrodi nyingine: *kataa*. Duara lililoharibika kidogo: *peleka karakana irekebishwe*, kisha pima upya. Historia haijulikani na vipimo havipo: *kataa*. Kwa mashine ya Kasesya, jibu sahihi ni kwamba konrodi isifungwe kabla ya hatua ya 3 hadi ya 6. Kusubiri siku mbili kunauma, lakini konrodi ikikatika hutoboa bloku, huharibu krankshafti, na vipande vyake vyaweza kumpiga anayemimina mahindi.

Makosa ya watahiniwa

- Kuandika "beringi mpya itarekebisha". Beringi mpya hufuata umbo la tundu. Tundu likiwa yai, beringi nayo itakuwa yai.
- Kutaja dalili bila sababu. Usiandike "ina kutu" tu. Andika "ina vishimo vya kutu, ambavyo huanzisha ufa".
- Kutoa kipimo bila kukilinganisha na kitabu cha injini.

Zoezi

1. Injini ya mipigo minne, silinda moja, inazunguka mara 1,200 kwa dakika kwa saa 10. Mafuta yanawaka mara ngapi?
2. Kwa nini kifuniko hukazwa kabla ya kupima kichwa kikubwa?

Majibu. (1) 600 × 60 × 10 = mara 360,000. (2) Kwa sababu bolti zikikazwa hubadilisha kidogo umbo la tundu. Tunataka umbo litakalokuwepo injini ikifanya kazi.