Udugu wa Askari wa Miavuli

Swali: Babu wa mke wangu, Mwingereza, aliruka kwa mwavuli Arnhem, Uholanzi, mwaka 1944. Wenziwe wamekwisha, jamaa zao wataunganishwa na nini?

Jibu: Katika takriban 10,000 walioshuka kutoka angani, waliovuka mto Rhine kurudi, usiku wa mvua wa kuondoka vitani, walikuwa 2,000 na ushei, na waliozikwa Oosterbeek, jirani na Arnhem, ndio hasa kiungo, kwani tangu 1945 watoto wa skuli wa Kiholanzi husimama kila mwaka makaburini, kila mmoja na kaburi lake, maua mkononi, wakingoja ishara ya kuyaweka. Jamaa waliokuja kuzuru walipokewa majumbani mwa wenyeji, nao wakawa kama ndugu. Rai yangu: kwanza mtafuteni mjukuu wa aliyekaa ubavuni mwa babu ndegeni, kisha mwende naye makaburini Septemba, kumbukumbu hiyo inapofanyika.