Karatasi za Ofisi ya Kanisa: Mwongozo kwa Wanaojitolea

Katika sharika na parokia nyingi za Tanzania, kazi ya ofisi hufanywa na watu wasiolipwa. Mwalimu mstaafu anaandika muhtasari wa kikao cha wazee, mama mwenye duka anahesabu bahasha za ahadi, na kijana wa kwaya anachapa matangazo ya ibada usiku wa Jumamosi. Wanatoa muda wao kwa moyo. Kijitabu hiki kimeandikwa ili muda huo usiishie katika kunakili majina yaleyale kila mwezi, au kutafuta barua ambayo kila mtu anakumbuka iliandikwa lakini hakuna anayejua iko wapi.

Simu yenye intaneti na kompyuta moja, hata kuukuu, vinatosha kuanzia. Msinunue programu maalumu ya makanisa kabla hamjajua mnataka iwafanyie nini.

Akaunti iwe ya kanisa

Hili tunalisisitiza kuliko mengine yote. Mara nyingi orodha ya waumini imo ndani ya simu ya katibu, barua zimo kwenye barua pepe yake binafsi, na neno la siri analo kichwani. Akihamishwa kikazi, akiugua au simu ikiibiwa, kanisa linaanza upya. Katibu huyo hana kosa. Hakupewa mahali pengine pa kuiweka kazi.

Fungueni barua pepe kwa jina la usharika au parokia. Akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya GB 15, ambayo ni nyingi kwa barua, mihtasari na orodha. Picha na video ndizo huijaza. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, na namba ya kurejesha akaunti iwe ya laini ya ofisi. Neno la siri liandikwe, litiwe kwenye bahasha iliyofungwa na kuwekwa katika kasha la ofisi, watu wawili wakijua. Wahudumu wengine hawalihitaji: kila mmoja ashirikishwe faili linalomhusu kupitia barua pepe yake, mwingine akiruhusiwa kusoma tu, mwingine kuhariri.

Kiongozi akimaliza kipindi chake, neno la siri libadilishwe siku hiyohiyo ya makabidhiano. Kufanya hivyo si kumshuku. Kunamlinda asije akaulizwa juu ya jambo lililotokea baada yake.

Daftari la waumini

Anzeni na orodha moja. Excel inafaa, Google Sheets inafaa, na LibreOffice hupatikana bure. Mstari mmoja uwe wa mtu mmoja, si wa familia nzima, na kila safu ibebe jambo moja: jina, ukoo, jumuiya, simu, tarehe ya ubatizo, huduma anayoshiriki.

Kabla ya kuingiza namba za simu, ipangeni safu hiyo kuwa ya maandishi. Msipofanya hivyo, programu itadhani 0754 na tarakimu zinazofuata ni kiasi cha hesabu, na itaifuta sifuri ya mwanzo. Tarehe nazo zina hatari yake. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani husoma 03/04/2015 kuwa Machi 4, wakati mtoto alibatizwa Aprili 3. Andikeni mwaka kwanza, 2015-04-03, na utata utaisha. Kosa dogo la namna hii laweza kumhangaisha mtu miaka mingi baadaye, anapopeleka cheti cha ubatizo kama ushahidi wa kuzaliwa kwake.

Majina ya jumuiya yawekwe katika orodha ya kuchagua. Mmoja akiandika "Mt. Yosefu" na mwingine "Mtakatifu Yosefu", kompyuta itahesabu jumuiya mbili.

Ratiba ya zamu za walimu wa shule ya Jumapili, wasoma masomo na wapokea wageni itatoka humohumo. Itumeni kwenye kundi la WhatsApp, na nakala moja ibandikwe ukutani kwa ajili ya wasio na simu janja.

Sadaka za simu

Lipa namba isajiliwe kwa jina la kanisa, kamwe isiwe ya mweka hazina. Kila kiasi kiandikwe pamoja na kumbukumbu namba ya muamala, na mtu wa pili alinganishe daftari na taarifa ya akaunti. Ujumbe wa simu peke yake si ushahidi, maana hughushiwa.

Siri za watu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaihesabu imani ya dini ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti. Humo zimo pia taarifa za afya na za watoto. Maana yake ni kwamba orodha ya kipaimara, maombi ya mgonjwa na jedwali la nani katoa ahadi na nani bado si vya kurushwa kwenye kundi la WhatsApp. Kumtaja mtu mbele ya wenzake kwa ahadi asiyoimaliza kunamuumiza, sheria iwepo isiwepo. Sheria hiyo inawataka pia wanaokusanya taarifa za watu kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ulizeni dayosisi au jimbo lenu usajili umefikia wapi.

Vitabu vya zamani vibaki

Kompyuta haiondoi rejista za karatasi. Kwa Wakatoliki, Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inaitaka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na vitunzwe. Kinachofaa ni kuvipiga picha ukurasa kwa ukurasa, mchana, karibu na dirisha, kitabu kikiwa kimelazwa mezani bila kukandamizwa mgongo. Faili lipewe jina linaloeleweka, kama vile "Ubatizo 1968 ukurasa 012". Nakala moja ikae kwenye akaunti ya kanisa, nyingine kwenye diski inayohifadhiwa nje ya ofisi, kwa sababu mchwa na paa linalovuja havichagui kati ya kitabu na kompyuta iliyo kando yake.