Rubani Ndani ya Wingu

Wengi wetu tukiulizwa rubani ahitaji nini, husema: macho makali na moyo wa ushujaa. Jibu hilo si baya, lakini halitoshi. Ndege ikiingia ndani ya wingu zito, macho makali hayaoni zaidi ya macho mabovu, na ushujaa peke yake waweza kumpeleka mtu kaburini. Mimi natamani kazi ya urubani, kwa hiyo nimeona yafaa niwaeleze wenzangu jinsi mtu anavyofundishwa kurusha ndege kwa kutazama vyombo tu, bila kuona nje.

Kwanza, kwa nini hawezi kuruka kwa kuhisi? Sababu imo sikioni. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu midogo yenye umajimaji. Kichwa kikigeuka, umajimaji huo huchelewa kidogo, vinyweleo vilivyomo hupinda, na ubongo hupata habari kwamba tunageuka. Lakini mzunguko ukiendelea kwa mwendo ule ule, umajimaji nao huzunguka sawasawa na mfereji, na habari hukoma. Jaribuni hivi: mwenzenu aketi juu ya kiti kinachozunguka, afumbe macho, mmzungushe polepole kwa mwendo mmoja. Baada ya muda atasema kiti kimesimama. Mkikisimamisha kweli, atasema kinazunguka upande wa pili. Mshikeni asianguke! Hasemi uongo, ndivyo anavyohisi.

Rubani aliye winguni ameketi katika kiti kama hicho. Ndege huinama upande mmoja polepole, naye hahisi. Huanza kugeuka na kushuka. Akiona inashuka huvuta usukani, na kwa kuwa imeinama, huzidi kuzunguka kwa duara dogo kuelekea chini. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani kiliwajaribu watu 20 wasiokuwa na ujuzi wa vyombo, wakizuiwa kuona nje. Wote 20 walishindwa kuiongoza ndege, na wastani wa muda wao ulikuwa sekunde 178. Hazifiki hata dakika tatu.

Vyombo vikuu vya kumsaidia rubani ni sita. Vitatu hutumia kani ya hewa: cha kupima mwendo, cha kupima kimo, na cha kuonyesha ndege inapanda au inashuka kwa kasi gani. Vitatu vingine vilibuniwa kwa kanuni ya pia. Pia ya mtoto ikizunguka kwa kasi hukataa kulala. Vivyo hivyo gurudumu lizungukalo ndani ya chombo hushika msimamo wake hata ndege ikiinama. Kwa njia hiyo rubani huonyeshwa upeo wa macho, upande anakoelekea, na kadiri anavyogeuka. Katika ndege nyingi za sasa, habari hizi zote huonekana juu ya vioo vya kompyuta.

Kanuni za kimataifa zataka mwanafunzi apate angalau saa 40 za kuruka kwa vyombo, na baadhi yake zaweza kufanywa katika mtambo wa mazoezi uliopo chini. Angani huvalishwa kofia yenye ukingo mrefu ili asione nje, na mwalimu aketiye kando yake humlindia njia.

Lakini msidhani anafundishwa kuamini kila chombo kama kipofu. Chombo nacho chaweza kudanganya. Barafu ikiziba kijibomba cha hewa, kipimo cha mwendo hukosea. Rubani asiporekebisha kipimo cha kimo kufuatana na kani ya hewa ya mahali alipo, aweza kudhani yuko juu zaidi kuliko alivyo. Kwa hiyo macho yake hayatulii: hutazama hiki, hutazama kile, na kuvilinganisha. Kimoja kikisema ndege imenyooka, na viwili vikisema inageuka, huanza kukishuku kile kimoja. Wahenga walisema: penye wengi hapaharibiki neno.

Mtu wa kwanza kupaa, kuruka na kutua bila kuona nje alikuwa James Doolittle wa Marekani, tarehe 24 Septemba 1929, katika uwanja wa Mitchel Field, New York. Rubani mwingine alikaa mbele tayari kumwokoa, lakini hakuhitajiwa. Doolittle alisifiwa kwa ushujaa, nao alikuwa nao. Lakini pia alikuwa amepata shahada ya udaktari katika elimu ya ndege mwaka 1925.

Basi, wazazi wetu wakituuliza Fizikia yatufaa nini, tuwajibu kwa heshima kwamba kani ya hewa, pia na umajimaji wa sikioni ndivyo vinavyowarudisha abiria nyumbani salama siku ya mawingu. Na sisi wanafunzi tujizoeze tangu sasa kuuliza: nina hakika, au nahisi tu?

Mwanafunzi, Kidato cha Nne